Alimantasyo Ambayo Sikuibadilisha

Yvette na Saidi,

Tangu niwaachie ufunguo wa karakana mnanipigia simu kila siku. Juzi mliuliza bisibisi ndogo yenye mpini wa njano iko wapi. Iko kwangu, na hairudi. Jana mliuliza kama televisheni ya yule mama wa Nyakarenzo iliwahi kufunguliwa na fundi mwingine. Iliwahi, na aliyeifungua alitumia kisu cha mezani; skrubu zitawaeleza zenyewe. Nimeona badala ya kujibu simu moja moja, afadhali niandike. Mtu aliyefanya kazi kama mimi akistaafu bila kuacha maandishi, hasara ni ya wilaya nzima.

Habari za vyeo sitaziandika. Hakuna aliyenipandisha cheo. Nilijipandisha mwenyewe, na mara nyingine ngazi yenyewe ilibidi niichomelee kwanza.

Nilizaliwa ng'ambo ya mto wa mpakani, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na nikasoma Lubumbashi kwa sababu huko nilikuwa na mjomba mwenye nyumba yenye umeme. Nilipata diploma ya elektroniki. Tulianza darasa tukiwa wengi, tukamaliza wachache, na kati ya hao wachache sikuwa wa mwisho, wala wa pili. Mnaijua ile picha ukutani kwangu. Watu wetu walipokuwa wanarudi nyumbani kutoka ukimbizini, wengine walirudi na magodoro, wengine na mbuzi. Mimi nilifika Kamembe na begi moja: diploma ndani ya plastiki, feri ya kuchomelea risasi, na mita ya kupimia umeme niliyoifunga ndani ya sweta. Sweta ilikwisha zamani. Mita bado inasoma sawasawa, na ndiyo mliyonayo hapo mezani, kwa hiyo msiiangushe.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda kwenye baraza la Mzee Byamungu, mtu wa Bukavu aliyekuwa akitengeneza redio hapa mjini kabla hata mtu hajafikiria simu ya mkononi. Nilimpa diploma aisome. Aliisoma yote, akaigeuza, akasoma na nyuma ambako hapakuwa na kitu, kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Iko muzuri," alisema. "Sasa funga macho."

Nikafunga macho. Akaniwekea kitu kizito mkono wa kulia na kitu chepesi mkono wa kushoto, akauliza kipi ni cha kweli. Vilikuwa alimantasyo mbili. Wakati ule zilikuwa za redio. Leo mnazijua za kompyuta, lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia mashine nzima, ambalo watu wa pwani wanaliita pawasaplai. Nilisema nzito. Akasema vizuri, shaba na chuma havidanganyi uzito, anayetengeneza kitu cha bei rahisi huanza kwa kupunguza shaba. Kisha akasema, "Sasa itikise." Nikaitikisa ile nzito. Ndani kulikuwa na kitu kinagonga.

"Njo ile," alisema. "Nzito, lakini haina adabu."

Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa pili baada ya ule wa Lubumbashi, na katika huo nilipata nusu. Somo la kupima kwa mkono lilienea mji mzima. Mpaka leo, mtu wa Kamembe akienda kununua chaja, stabilizeta au betri, anaipima kiganjani kwanza kama mama anayenunua sambaza, wale dagaa wa ziwani. Somo la kutikisa halikuenea. Sijui kwa nini. Labda watu wanaona haya kutikisa vitu vya wenyewe dukani.

Miaka ya redio ilifuatwa na miaka ya televisheni, na miaka ya televisheni ikafuatwa na simu, kisha kompyuta. Vifaa vilibadilika, mteja hakubadilika. Mteja wa kwetu anajua ugonjwa mmoja tu, nao ni alimantasyo. Kule Bugarama niliitwa kwa amplifaya ya harusi iliyokuwa ikinyamaza kila bwana harusi alipoingia. Wote walisema alimantasyo. Nilifika, nikakuta wameiweka juani kwenye lile joto la mpungani, na juu yake wamepanga soda za maharusi ili zisikanyagwe. Nyakabuye nilifungua televisheni iliyokuwa ikinguruma, nao wakasema alimantasyo. Kumbe mjusi alikuwa amehamia ndani na familia yake. Mjusi nilimtoa kwa heshima. Alimantasyo ilikuwa nzima, na nadhani mpaka leo ni nzima.

Sisemi kwamba alimantasyo haziharibiki. Zinaharibika, nami nimebadilisha nyingi kuliko fundi yeyote kati ya hapa na Ruhwa. Ninachosema ni kwamba usibadilishe kabla hujajua. Uliza kwanza mashine inazima lini: ikiwashwa tu, ikiguswa, au ikifanya kazi ngumu? Inuse, kwa sababu kondensa iliyoungua ina harufu yake. Sikiliza feni. Jumlisha ulaji wa kadi ya picha na wa prosesa, uone kama sanduku lina wati za kutosha na akiba kidogo. Pima volti kumi na mbili wakati mashine inahangaika, si wakati imelala. Mita ikishuka chini ya kumi na moja na nusu hapo ndipo uanze kushuka moyo na wewe. Nyaya za alimantasyo moja usizichomeke kwenye nyingine hata kama zinaingia. Na usiifungue iliyotoka ukutani sasa hivi, maana inaweka umeme tumboni. Hilo la mwisho Saidi analijua. Aliruka mpaka kwenye mlango.

Sasa niseme kuhusu ile iliyonifanya nistaafu nikicheka. Mlikuwapo, lakini kila mmoja wenu aliona kipande chake, na kipande kikubwa nilikuwa nacho mimi.

Mnamjua Maman Riziki, yule mjane wa karibu na msikiti anayefuma vitambaa kwa kroshe. Mwanawe Riziki, aliyeko Ubelgiji, alituma kompyuta ya gemu kwa ajili ya mpwa wake Idi, kijana mkubwa anayeishi kwa bibi yake huyo na kufanya kazi kwenye duka la simu. Ni mashine nzuri, kioo ubavuni, taa ndani, kadi ya picha nzito kama tofali. Idi aliingia kwenye kombe la mpira wa kompyuta la vijana wa Kamembe, Bukavu na Bujumbura, kila mmoja akichezea kwao kwa intaneti. Sheria yao ilikuwa kali: mashine yako ikizima katikati ya mechi, umetolewa. Ya Idi ilizima mechi ya kwanza. Mpinzani wake, kijana muungwana wa Bukavu, akakubali irudiwe Jumapili iliyofuata, lakini waliosimamia wakasema hakuna kusamehe mara mbili.

Kilichomuuma Idi hakikuwa kutolewa. Kilichomuuma ni maneno. Vijana wenzake walisema kwamba akiona anakaribia kufungwa, anachomoa waya.

Aliileta mashine karakana Jumatatu. "Niko nacheza, niko naongoza," alisema, "mara pap, nyeusi. Nangoja kidogo, inawaka tena kama vile haikufanya kitu."

"Alimantasyo," Saidi akasema, kabla kijana hajamaliza kukaa.

Sikumlaumu. Mashine inayozima ghafla ikiwa kwenye kazi ngumu, halafu ikawaka baada ya kupumzika, kweli inaelekeza huko. Lakini tuliiweka mezani, tukafungua gemu ile ile, na Saidi akajitolea kucheza tangu asubuhi hadi jioni, kwa ajili ya kazi, kama alivyosema. Haikuzima. Nilipima volti akiwa katikati ya penalti: kumi na mbili na nukta moja, imesimama kama askari. Feni inazunguka, harufu hakuna, wati zinatosha na akiba ipo. Tukamrudishia.

Jumanne ikazima. Jumatano Idi alivuka mpaka, akaenda Bukavu, na Alhamisi akairudisha mashine karakana, huku amekumbatia alimantasyo mpya kama mtoto mchanga.

"Wati elfu moja, Papa Enjenia," alisema. "Pima mwenyewe."

Akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nzito kweli. Saidi akaipima, akatikisa kichwa kwa heshima. Yvette akaipima, akasema, "Mbona nyaya zake nyembamba?" Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Byamungu. Nikaitikisa. Kitu kikagonga ndani, go, go, kama mtu aliyekosa ufunguo. Nilitoa skrubu nne mbele ya wote. Chini ya kipande cha ubao wa saketi kisichotosha hata kuwasha redio ya jikoni, kulikuwa na bonge la saruji lililofungwa kwa gundi ya karatasi, na gundi ilikuwa imeanza kuachia.

Idi aliligonga kwa kidole. "Kwa hiyo nilivuka mpaka na jiwe," alisema.

"Na ukalitangaza forodhani," alisema Yvette.

Mngeifunga ile, kadi ya picha ingekula umeme ambao haupo, na leo tungekuwa tunazungumza habari ya mashine iliyoungua. Lakini bado hatukuwa na jibu, na Saidi bado alikuwa anataka alimantasyo. Nikasema sawa, tuache kubishana. Yvette akatoa ile ya kwetu ya majaribio, ambayo tunaijua kama tunavyojua sauti za wake zetu na waume zetu, akaifunga kwenye mashine ya Idi, akaichukua mwenyewe na kuiacha kwa Maman Riziki mlangoni. Kama ugonjwa ulikuwa ni alimantasyo, mashine ingepona.

Jioni ikazima. Nayo ina alimantasyo yetu.

Hapo nawaomba msimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanaponunua ya tatu. Alimantasyo mbili nzima, moja ya Ubelgiji na moja yetu, zinafanya kazi karakana na zinazimika katika nyumba ile ile. Basi mgonjwa si alimantasyo. Mgonjwa ni nyumba. Nikasema nitakwenda mwenyewe, na nikamtumia Maman Riziki habari kwamba Enjenia anakuja Ijumaa baada ya swala.

Tulikwenda mimi na Saidi. Idi alikuwa dukani kwake. Tulirudisha alimantasyo yake ya asili, maana haikuwa na kosa. Nilipima umeme wa ukutani, nikapima waya wa ardhini, nikaleta na stabilizeta. Umeme ulikuwa safi. Mashine ilikuwa juu ya meza ya sebuleni, meza iliyofutwa ikang'aa, na Saidi akakaa kucheza. Maman Riziki akaleta chai ya maziwa na mandazi. Tukanywa. Saidi akashinda mechi, akashindwa mechi, akashinda tena. Nje watu walianza kurudi kutoka sokoni. Mashine haikuzima hata kwa kupepesa.

"Inakuogopa, Papa Enjenia," Maman Riziki alisema.

Nilimjibu kwamba zipo nyingi zinazoniogopa. Sikutania. Nimeingia nyumba nyingi ambamo redio iliyokaa kimya mwezi mzima ilianza kuimba niliposhika mpini wa mlango. Lakini kombe halichezwi nikiwa nimekaa pembeni na kikombe cha chai, na Jumapili ilikuwa keshokutwa. Tukaaga. Saidi akapanda moto, pikipiki ya abiria, kurudi karakana. Mimi nikashuka kwa miguu mpaka njia kubwa, nikataka kusoma ujumbe kwenye simu, nikagundua miwani nimeiacha kwa Maman Riziki.

Nikarudi bila kupiga simu. Mlango ulikuwa wazi, nikabisha na kuingia kwa pamoja, kama mtu aliyetoka pale sasa hivi. Maman Riziki alikuwa ameinamia meza, ameinua ubavu mmoja wa kompyuta kwa nyonga, na chini yake anaingiza kitambaa. Kitambaa cha sufu, chekundu na cheupe, kilichofumwa kwa kroshe na kukunjwa mara mbili, kinene kama blanketi la mtoto, ncha zake zimetiwa wanga zikasimama kama maua. Aliponiona alishtuka, akashusha mashine polepole ikazama ndani yake.

"Usikasirike, Papa," alisema. "Nilikitosha juu ya mikono ya mafundi. Iko rangi nyeupe."

Yaani alikitoa kisichafuliwe na mikono ya mafundi. Mimi, ninayenawa kabla ya kugusa kitu na baada ya kugusa kitu. Lakini sikuwa na nafasi ya kukasirika, kwa sababu nilikuwa nimeona kila kitu kwa mara moja. Kwenye mashine za siku hizi alimantasyo inakaa chini, na feni yake inatazama chini. Inavuta hewa baridi kutoka mezani. Sisi kwetu tulikuwa tunaiweka kwenye meza tupu. Maman Riziki alikuwa anaiweka kwenye sufu iliyokunjwa mara mbili, na feni ilikuwa inainyonya ile sufu kama mtoto anayenyonya shuka. Gemu ikipamba moto, alimantasyo inakosa pumzi, inajizima yenyewe isiungue, inapoa, inawaka. Ilikuwa nzima kuliko sisi wote. Na kila fundi aliyetangaza kwamba anakuja aliikuta meza tupu, kwa sababu katika mji huu fundi akija vitu vizuri vinatolewa njiani.

Sasa niwaulize nyinyi: ningesemaje? Sebule ile yote ilikuwa imevaa. Kochi limevaa, redio imevaa, televisheni ina kofia. Kila Riziki anapopiga simu ya video kutoka Ubelgiji, mama yake anageuza simu aonyeshe mashine ilivyokaa juu ya kitambaa alichokifuma kwa ajili yake, na mwana anafurahi. Nimwambie mama yule kwamba mgonjwa ni mkono wake? Nikatumia akili ya diploma.

"Maman," nilisema, "kwa kazi yangu ya leo sitaki kitu. Nipe hicho kitambaa tu."

"Hiki cha mashini?"

"Hicho hicho. Sijaona kazi kama hiyo tangu Lubumbashi."

Alifurahi mpaka akakaa. Alikivuta chini ya mashine yeye mwenyewe, akakipiga pasi, akanifungia ndani ya gazeti. Nikachukua miwani na kitambaa, nikaondoka na meza imebaki tupu. Sikumwambia mtu, hata nyinyi. Nilitaka Jumapili mashine icheze hadi mwisho, halafu Jumatatu niwaulize kwa nini, nione nani anajua. Nakiri nilikuwa nimeshaandaa na sura ya kuuliza.

Jumapili, kabla ya mechi, simu ikalia. "Papa Enjenia," Idi alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeketi sakafuni, "nilikuwa napasha. Imezima."

Nilimpitia Yvette, tukapanda moto mbili. Njiani nilikuwa nafikiri kitu kimoja tu: nimeukataza mji mzima kulaumu alimantasyo, na sasa mimi mwenyewe nailaumu. Tukaingia sebuleni. Kompyuta ilikuwa imekaa juu ya kitambaa kipya. Cha kijani, chenye maua ya njano, kikubwa kuliko cha kwanza, kimefumwa kwa uzi wa mara mbili.

"Muntu mukubwa kama weye akiomba kitambaa," Maman Riziki alisema, amejaa furaha, "si ni kwamba kiko kizuri? Nikasema mashini isibaki uchi. Nilifuma tangu Ijumaa, mikono inaniuma."

Yvette alitazama kitambaa, akatazama mashine, akanitazama mimi. Alielewa kwa muda uliomtosha mtu kukohoa. Ndiyo maana ufunguo nilimpa yeye kwanza, Saidi, na si kwa sababu unayoifikiria.

Hapakuwa tena na wakati wa diploma. "Maman," nilisema, "mashine hii inapumulia chini."

"Inapumulia chini?"

"Pua yake iko chini. Kitambaa kinaiziba. Kile cha kwanza kiliiziba, na hiki kinaiziba zaidi, kwa sababu ni kizuri zaidi."

Maman Riziki aliinama, akatazama chini ya mashine. Idi alishika kichwa. Nilingoja machozi, au kuonyeshwa mlango.

"Sasa juu ya nini hukusema siku ile?" aliuliza.

"Niliona utaumia."

"Papa muzima," alisema, "na diploma. Unaogopa mwanamuke na sindano ya kroshe. Miye napika tangu utoto, sijui kwamba sufuria ikizibwa inafurika? Ungesema tu. Sasa nimemaliza uzi wote wa kijani."

Yvette alikuwa ameshatoka. Alirudi kutoka jikoni ameshika kile chuma cha kuchomea samaki, chenye waya juu na miguu minne chini, na mkono mwingine upepeo wa mkaa. Tukainua mashine, tukaweka chuma juu ya meza, mashine juu ya chuma. Maman Riziki akatuzuia kwa mkono. "Kitambaa hakiendi popote," alisema. Akakitandika chini ya chuma, kikaning'inia mbele na maua yake yote, na katikati ya kitambaa na mashine hewa ikapita. Kusema kweli ilipendeza. Ilinuka kidogo samaki.

Alimantasyo ilikuwa bado ya moto, na ikiwa ya moto haiwaki. Yvette akapiga magoti akaanza kuipepea kama jiko. Idi alikuwa anaangalia simu yake; mpinzani wa Bukavu alikuwa ameshaingia, anauliza yuko wapi. "Anasema nimechomoa waya," Idi alisema. Yvette akaongeza kasi. Nikabonyeza kitufe. Hakuna. Nikangoja, nikabonyeza tena, na taa zikawaka, feni ikaanza kuvuta, nikaweka kiganja chini nikasikia hewa inapita. Idi akaingia uwanjani dakika ya mwisho waliyomruhusu.

Sisi wengine hatukuangalia mpira. Tulikuwa tumeinama watatu kando ya meza, tunasikiliza feni. Idi akafunga bao, hatukupiga makofi. Akafunga la pili. Mapumziko yakafika, na mashine ilikuwa bado inawaka. Kipindi cha pili kikaanza, tukapita pale ilipokuwa ikizimia kila mara, tukapita mbali, na Maman Riziki akaanza kusema alhamdulillahi polepole kila baada ya muda, kama anayehesabu mishono.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna mita inayolipima. Mechi za kombe lile ni ndefu, na tangu mashine ifike kwao Idi hakuwahi kufika mwisho wa hata moja. Kipindi cha kwanza alikuwa simba. Kipindi cha pili alikuwa mgeni, hajui pa kuweka watu wake, hajui nani amechoka. Kijana wa Bukavu akarudisha moja. Akarudisha la pili. Dakika za mwisho kabisa akafunga la tatu, na firimbi ikalia. Tatu kwa mbili. Mashine ilikuwa inawaka, taa zote, baridi kama jiwe la ziwani.

Idi aliweka rimoti mezani. Nilidhani atalia. Alivuta pumzi akaegemea kochi lililovaa.

"Lakini leo nimefungwa na muntu," alisema. "Haiko umeme."

Akampigia yule kijana wa Bukavu papo hapo, na walicheka kwa muda mrefu kuliko wanavyocheka washindi. Neno la kuchomoa waya liliisha siku hiyo.

Maman Riziki alikuwa bado anaitazama mashine. "Papa Enjenia," aliuliza, "kwa hiyo alimantasyo iko nzima kabisa?"

"Nzima kabisa, Maman. Hakuna cha kubadilisha."

Alimwangalia mjukuu wake kutoka juu mpaka chini. "Basi tubadilishe muchezaji."

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, na sikubadilisha hata skrubu. Kile kitambaa chekundu na cheupe kiko kwangu, juu ya televisheni, lakini upande wa matundu nimekikunja. Mke wangu anakikunjua kila asubuhi. Mimi nakikunja tena. Tunaelewana.

Ile alimantasyo ya wati elfu moja msimrudishie mtu, wala msimfungie mtu. Iacheni pale pale ilipo, inazuia mlango wa karakana usijifunge na upepo wa ziwa. Kwa kazi hiyo sijaona nzuri kama hiyo. Na akija mteja kesho akiwaambia ugonjwa ni alimantasyo, mkubalieni kwa adabu, halafu mwende kwake bila kupiga simu.